Jembe, Nyumba na Kadi Tupu

Wazee wangu, kina mama, vijana, wahudumu wa afya mliotoka vitongojini, na ninyi mliomleta mgonjwa wenu kwa pikipiki mkimshika kiuno asidondoke, leo hapa Msowero tunajifunza kuzungumza na mtu ambaye kiharusi kimemnyang'anya maneno.

Nianze na suala la ruhusa. Mtu nitakayemsimulia leo ni mjomba wangu, kaka yake mama. Yumo humu darasani, kiti cha pili kutoka dirishani. Jana jioni nilimtandikia kwenye mkeka picha za mambo niliyotaka kuyasema mbele yenu: kitanda cha hospitali, shamba, vigingi, noti za fedha, mke wake, na nyingine mbili tatu. Nikamwomba aondoe lile asilotaka lisemwe. Alizitazama moja moja bila haraka. Moja akaigeuza kifudifudi, akaisukuma mbali kwa mkono wa kushoto. Hiyo hamtaisikia.

Mjomba alianguka msimu wa palizi, asubuhi, anavaa mabuti. Mkono wa kulia ulikufa ganzi, mdomo ukaenda upande. Alipelekwa zahanati, kutoka hapo akapelekwa hospitali, akalazwa siku kumi na mbili. Presha ilishuka, tukamshukuru Mungu. Siku ya kuruhusiwa tulipewa karatasi ya dawa na tukaonyeshwa namna ya kumnyoosha mkono. Kuhusu maneno tuliambiwa yatarudi tu, tusubiri. Hakuna aliyetuambia wakati tunasubiri tuzungumze naye vipi. Mimi nimekuwa muuguzi karibu maisha yangu yote ya kazi, na nakiri mbele yenu kwamba hata mimi nilikuwa sijui.

Ukimwamkia "Shikamoo mjomba," alijibu "Marahaba," safi kabisa, kwa sauti ileile nzito tuliyoizoea. Ukimuuliza amekula nini, alijibu "Kesho." Unaumwa wapi? "Kesho, kesho." Mkeo anaitwa nani? Hapo alifumba macho, akatafuta, jasho likamtoka kwenye paji la uso, na mwisho likatoka lilelile: "Kesho." Na alijua kuwa silo. Alijipiga goti kwa ngumi kila lilipotoka.

Marahaba ile ndiyo iliyomponza. Ndugu walianza kunong'ona: mbona salamu anaweza? Basi anajifanya, hataki kuulizwa habari za mali. Wengine wakasema akili imerudi utotoni. Wapo waliosema katupiwa jini, na majina ya wanaodaiwa kulitupa wakayataja.

Niwaeleze basi kwa nini marahaba hutoka na jina la mke halitoki.

Kiharusi ni mshipa wa damu kuziba au kupasuka ndani ya ubongo, na sehemu iliyonyimwa damu hufa. Kwa watu walio wengi sana, lugha inakaa upande wa kushoto wa ubongo, na upande huohuo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia. Kwa hiyo mara nyingi maneno na mkono wa kuandikia huondoka siku moja. Huko kupotewa na lugha ndiko kunakoitwa afasia, na takriban mtu mmoja kati ya watatu wanaopata kiharusi huipata. Mwenye afasia anamjua mkewe. Anajua nani anamdai na nani anadaiwa naye. Anajua mvua zimechelewa. Kilichokatika ni njia ya kutoka kwenye wazo kwenda kwenye neno, na kwa wengine hata njia ya kuja imeharibika, yaani anasikia sauti zetu lakini maana inamfikia vipande vipande, hasa tukisema haraka au tukisema wawili kwa pamoja.

Ila yapo maneno ambayo mtu hayatungi. Yamekanyagwa miaka sitini mpaka yamekuwa kama njia ya mifugo, mguu unaenda wenyewe. Salamu ni hayo. Kuhesabu moja mpaka kumi ni hayo. Baba Yetu, Alhamdu, wimbo wa jandoni, hata tusi la mtu aliyejikwaa. Mwenye afasia anaweza kumaliza sala yote msikitini au kanisani, akitoka nje akashindwa kuomba maji. Hajifanyi. Sala inatoka yenyewe, lakini kuomba maji kunataka neno litafutwe, na mtafutaji ndiye aliyeumia.

Jambo hili lina historia yake. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, daktari Paul Broca alipokea mgonjwa aliyeitwa Leborgne, mtu wa miaka 51, ambaye karibu kila jibu lake lilikuwa silabi moja, "tan", akiirudia mara mbili mbili. Alikuwa amekaa hospitalini humo miaka 21. Alifariki baada ya siku chache, Broca akaufungua ubongo wake, akaona kidonda upande wa kushoto, mbele. Vitabu vya udaktari husimulia kidonda hicho mpaka leo. Mimi kinachonishika ni jambo dogo ambalo Broca mwenyewe aliliandika. Alimuuliza Leborgne amekaa Bicêtre miaka mingapi. Leborgne akafungua kiganja cha kushoto mara nne, kisha akaongeza kidole kimoja. Tano mara nne, na moja: ishirini na moja. Jibu lilikuwa sahihi. Mgonjwa wa kwanza mashuhuri wa afasia duniani alikuwa anazungumza, na mkono wake mzima ndio uliokuwa mdomo wake. Waliomzunguka walimwita kwa jina la ile silabi aliyokwama nayo.

Sisi tulikuwa karibu kumwita mjomba Mzee Kesho. Watoto walishaanza.

Msidhani ugonjwa huu ni wa watu wa mjini. Kati ya mwaka 1992 na 1995 watafiti walihesabu vifo nyumba kwa nyumba katika maeneo matatu ya nchi yetu: Dar es Salaam, Hai, na jirani zetu wa Morogoro Vijijini. Morogoro Vijijini, kwa watu wa miaka 15 hadi 64, vifo vya kiharusi vilikuwa 35 kwa mwaka katika kila wanaume 100,000, na 27 kwa wanawake. Uingereza na Wales, kwa umri huohuo, wanaume walikuwa wasiofika 11 na wanawake wasiofika 9. Dar es Salaam ilizidi sana, lakini angalieni sisi wa jembe: mara tatu ya Wazungu, na bado tunaambiana presha ni ugonjwa wa matajiri. Na hao ni waliokufa. Waliobaki wamekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, hawasemi, hawakuingia kwenye hesabu ile.

Na kuhusu jini, nina habari itakayowashangaza. Mwaka 2008 Gerry Mshana na wenzake walichapisha utafiti juu ya namna watu wanavyoeleza kiharusi nchini mwetu. Waliotaja mashetani na uchawi zaidi walikuwa watu wa Dar es Salaam. Wa vijijini Hai walitaja zaidi sababu za kimwili na wakaelekea hospitali kwanza. Kwa hiyo anayetaka kusema ushirikina ni ujinga wa kijijini, atafute neno jingine.

Sasa tiba. Wapo wataalamu waliosomea kumsaidia mtu aliyepotewa na lugha. Makerere, Uganda, walianza kuwafundisha mwaka 2008, na Chuo Kikuu cha Muhimbili nacho kinafundisha. Ni wachache mno. Hata ukipanda treni ya SGR pale Kilosa, unafika Dar es Salaam siku hiyohiyo, unaonana na mtaalamu, halafu? Mazoezi ya usemi ni ya miezi na miaka. Mgonjwa anarudi Msowero kwa wale wale anaoishi nao. Ndio watakaozungumza naye saa kumi na mbili asubuhi, na ndio watakaochoka jioni.

Hapo ndipo inapoingia kazi tuliyojia leo: mawasiliano saidizi na mbadala. Jina refu kwa jambo jepesi. Saidizi maana yake tunayashika mkono maneno machache aliyobaki nayo, kwa picha, ishara, kuchora, kuandika. Mbadala maana yake pale ambapo maneno hayapo kabisa, hivyo vingine vinachukua nafasi. Zipo mashine za kusema zenye bei ya pikipiki mpya. Lakini hata wataalamu walianza na vipande vya karatasi. Mwaka 1976, Boston, Howard Gardner na wenzake walitengeneza kadi zenye alama, wakawapa watu waliopoteza lugha karibu yote, na baadhi yao wakaweza kujibu maswali na kueleza wanachotaka kwa kuzipanga kadi mezani.

Anayefundishwa kwanza ni nani? Tunadhani mgonjwa. Toronto, Kanada, mwanamke aitwaye Pat Arato alianzisha kituo cha watu wenye afasia mwaka 1979, baada ya mume wake mwenyewe kupata kiharusi. Katika kituo hicho Aura Kagan, mzaliwa wa Afrika Kusini, alijenga njia ya kuwafundisha wanaozungumza na mgonjwa. Mwaka 2001 alichapisha jaribio lake: watu 40 wa kujitolea, ishirini wakafundishwa namna ya kushika mazungumzo, ishirini hawakufundishwa. Wagonjwa wenyewe hawakufundishwa kitu. Walipokaa kuongea, waliokaa na wale waliofundishwa walieleza mambo yao vizuri zaidi. Ubongo ni uleule na kidonda ni kilekile. Aliyebadilika ni aliyekaa mbele yao.

Na kuna sentensi ambayo Kagan anataka isemwe waziwazi tangu mwanzo: najua kwamba unajua. Niliposoma hilo nilimwendea mjomba, nikapiga magoti kama nilivyolelewa, nikamwambia: "Mjomba, najua unajua. Sisi ndio hatujajua kukuuliza." Alinitazama muda mrefu. Sitasema zaidi kuhusu siku ile.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo, ninyi wazee. Nani hapa alipiga kura mwaka 1965? Naona mikono miwili. Waliopiga 1970, 1975? Naona wengi. Mnakumbuka mlichokiona kwenye karatasi: jembe na nyumba. Uchaguzi ule wa 1965 ulikuwa wa kwanza chini ya chama kimoja, na karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja jembe, mwingine nyumba. Wengi walikuwa hawajui kusoma. Mwalimu Nyerere alikuja kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima kwa sababu hiyohiyo. Lakini hakuna aliyesema kwamba asiyejua kusoma hana la kuamua. Taifa lilimwekea mtu picha mbili mbele yake, likamwachia faragha, likaihesabu alama yake sawa na ya profesa.

Kwa hiyo mtu wa Msowero asiniambie kwamba kuzungumza kwa picha ni mambo ya kitoto. Mmechagua wabunge kwa picha.

Nilianza na mjomba kwa jembe na nyumba hasa. Nilichora mwenyewe, kwenye boksi la sabuni nililolikata. Jembe: unataka tukupeleke shambani? Nyumba: unataka kubaki? Mkono wake wa kushoto ulikwenda kwenye jembe kabla sijamaliza swali. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi minne kumwona akijibu jambo bila kujipiga goti.

Nikafurahi mno, nikadhani nimemaliza. Sikuwa nimemaliza, na kosa langu ndilo hasa nililokuja kuwaambia.

Nyie wenyeji mnafahamu, wageni niwaeleze: kwetu Wakaguru, kama kwa Wasagara na Waluguru, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana neno zito juu ya ardhi ya ukoo na juu ya ndoa za wapwa wake. Mjomba akinyamaza, ukoo umenyamaza. Basi alipokuwa bado anaumwa, akaja mnunuzi wa lile shamba la karibu na barabara. Kijana mmoja wa ukoo akaandika karatasi. Wakamwendea mzee, wakamuuliza: unakubali tuuze? Akasema, "Ndiyo. Ndiyo. Kesho." Dole gumba la kushoto likapakwa wino.

Kesho yake vigingi vya mpaka vikang'olewa. Vikapigwa vipya, vikang'olewa tena. Walivizia, wakamkuta ni yeye, kwa fimbo yake, anaburuta mguu gizani kabla ya jogoo la pili. Ndugu wakasema sasa amechanganyikiwa kweli, amekubali mwenyewe halafu anang'oa.

Hapa kuna mambo mawili ya kujifunza, na nayataka yawaingie. La kwanza: ndiyo na hapana za mwenye afasia si za kuaminiwa peke yake. Ni maneno mafupi ya mazoea, hutoka yenyewe kama marahaba, na mara nyingi moja hutoka mahali pa lingine. Mtu anatikisa kichwa kukataa huku mdomo unasema ndiyo. Uliza, kisha uliza kwa kinyume. "Tuuze?" Akijibu, ngoja, halafu: "Tusiuze?" Akisema ndiyo kwa yote mawili, hujapata jibu, na wino usiufungue.

La pili nililijua kwenye mkeka. Nilimwekea noti ya shilingi elfu kumi, maana yake kuuza. Nikamwekea jembe, maana yake tulime wenyewe. Akasukuma noti. Nikashukuru. Akasukuma na jembe. Nikarudia, akasukuma vyote, akaanza kutoa ile pumzi ya hasira. Mke wake, aliyekuwa anapepeta mpunga pembeni, akasema bila kuinua kichwa: "Labda analolitaka hujaliweka."

Nikakata boksi kipande cha tatu, sikuchora kitu. Nikakiweka kati. Mjomba akakigonga kwa kidole mara tatu, tok, tok, tok, akaomba kalamu kwa ishara. Kwa mkono wa kushoto, mistari ikitetemeka, akachora pembenne. Akaikata katikati. Upande mmoja akachora hindi moja. Nikauliza: nusu ya shamba? Akanipa uso uliofunguka. Hindi moja, msimu mmoja? Akapiga paja. Kukodisha nusu, msimu mmoja? "Kesho!" akasema, akaivuta ile noti aliyoisukuma, akaiweka juu ya hindi, kisha akaonyesha karatasi za hospitali zilizochomekwa kwenye dari. Deni. Alitaka tukodishe nusu, msimu mmoja, tulipe deni la matibabu yake, shamba libaki. Lilikuwa wazo zuri kuliko yote tuliyokuwa nayo sisi wenye ndimi. Nikamuuliza kwa kinyume, mara mbili. Hakuyumba.

Kwa miezi yote ile, swali letu halikuwa na nafasi ya jibu lake. Ndiyo halikuwa jibu lake, hapana halikuwa jibu lake. Kwa bahati, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mambo ya kuhamisha ardhi ya kijiji hupita halmashauri ya kijiji, na halmashauri ilikuwa haijakaa. Karatasi ile ikachanwa.

Tangu siku ile sitengenezi kadi mbili bila ya tatu tupu. Kadi tupu inasema: lipo jingine. Wataalamu huweka pia "sicho" au "nimechoka kuulizwa", na hizo nazo mziweke. Nimeona mbao za picha zilizoletwa na watu wema kwa wagonjwa, zina picha sita: maji, chakula, choo, kulala, dawa, maumivu. Naziheshimu, mtu akibanwa usiku picha ya choo ni rehema. Lakini mzee aliyekuwa anasuluhisha ugomvi wa mipaka hawezi kuishi maisha yake yaliyobaki ndani ya picha sita za mtoto mchanga. Janice Light aliandika mwaka 1988 kwamba watu huwasiliana kwa sababu nne: kuomba wanachohitaji, kupashana habari, kujenga ukaribu, na kutimiza adabu za jamii. Mbao nyingi huishia kwenye ile ya kwanza. Hapa kwetu ile ya nne ndiyo inayomfanya mtu awe mtu. Mwekeeni mzee kadi ya pole, ya hongera, ya "poleni na msiba". Mjomba anayo ya msiba. Huishika mkononi akipelekwa matangani, akafika kwa wafiwa akawaonyesha. Mwekeeni kadi ya shamba, ya mahari, ya deni, ya mkutano. Na ya "sikubali".

Namna ya kutengeneza, nisiwachoshe, tutafanya pamoja. Ila machache. Picha za mtu mwenyewe hushinda michoro ya dukani. Watafiti wa Nebraska, Marekani, akina David Beukelman na Aimee Dietz, walionyesha kwamba watu wazima wenye afasia hufuata vizuri zaidi picha yenye mandhari nzima, watu wakiwa kazini, kuliko alama moja moja iliyokatwa. Basi kijana mwenye simu janja aende gulioni, ampige picha yule mama anayemuuzia mzee tumbaku, akiwa kwenye meza yake, na mti ulio nyuma yake. Aende steshenari Dumila, zichapishwe kubwa, zifunikwe kwa plastiki zisiloe. Wasio na simu janja, kateni maboksi. Zipo pia picha za ARASAAC, za serikali ya jimbo la Aragon, Hispania, zinazotolewa bure kwa asiyefanya biashara nazo. Ziwekeni upande wa kushoto wa mgonjwa, kwa sababu wengine kiharusi huwapunguzia kuona upande wa kulia. Wekeni chache tu kwa mara moja.

Kuhusu wakati, tarehe hupotea. Msimuulize mzee mwaka. Wekeni picha ya mafuriko ya Januari 2014 yaliyokata barabara pale Dumila, atakuonyesha kabla au baada. Kuhusu fedha, tarakimu hupotea kinywani, atasema mia akitaka elfu, lakini mpeni noti zenyewe ahesabu kwa vidole. Na namba ya siri ya simu yake, akiwa ameisahau, ibadilishwe akiwepo na akiona, isiwe mlango wa kumfilisi.

Kuhusu lugha, mnaulizana: Kikaguru au Kiswahili? Mwaka 1881 Mfaransa Théodule Ribot alisema lugha ya kwanza ndiyo hudumu. Mwaka 1895 mwenzake Pitres akasema ile iliyotumika zaidi kabla ya ugonjwa ndiyo hurudi kwanza. Wagonjwa wamewakosoa wote wawili. Mkenya Tom Abuom, pamoja na Roelien Bastiaanse wa Groningen, alichapisha mwaka 2012 uchunguzi wa watu wenye afasia wanaozungumza Kiswahili na Kiingereza. Ningeomba Mungu atokee kijana wa Kilosa afanye hivyo kwa Kikaguru na Kiswahili, maana dada zetu wanaofika zahanati na baba zao huambiwa waongee nao Kiswahili tu, kwa sababu ndicho muuguzi anachokielewa. Jaribuni zote. Mjomba nyimbo zake ni za Kikaguru, mabishano yake ni Kiswahili.

Nimalizie na sheria. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Mkataba ule, katika kueleza mawasiliano ni nini, unataja njia saidizi na mbadala kwa jina. Kwa hiyo mwenyekiti, mtendaji, wajumbe wa baraza la ardhi mliopo hapa: mzee akija mbele yenu na boksi la kadi, boksi lile ni ushahidi wake. Mpeni muda. Andikeni kwenye muhtasari kwamba alijibu kwa kadi, na kwamba aliulizwa kwa kinyume.

Nimesema ya kutosha. Makasi mawili yako mezani, na kalamu nene, na maboksi ambayo watoto wa darasa la sita wameyakusanya tangu Jumatatu. Waliokuja na wagonjwa wasogee mbele wakae wanatazamana, si ubavu kwa ubavu. Zimeni redio ile nje. Na wenye maswali juu ya maisha ya mjomba baada ya kiharusi, yupo, kiti cha pili. Muulizeni yeye. Ulizeni swali moja, mwekeeni kadi, hesabuni mpaka kumi moyoni kabla ya kufungua tena mdomo. Mjomba, karibu.